Nani Anasikia? Historia ya Maadili ya Ushauri wa Tiba Hewani na Funzo la Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maadili ya kutoa ushauri wa tiba kupitia redio na televisheni, kuanzia Marekani na Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hadi Tanzania na Malawi za miongo ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba kanuni zilizopo zilijengwa kujibu maswali mawili: nani anasema, na je, anachosema ni kweli? Swali la tatu, yaani nani anasikia na kwa lugha gani, limeachwa kwa watangazaji na wafasiri wasio na mwongozo. Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano mapana ndani ya nchi inayotangaza zaidi kwa Chichewa na Kiingereza, yanaonesha athari za pengo hilo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba tafsiri ihesabiwe kuwa sehemu ya ushauri wenyewe.

1. Utangulizi

Daktari aliye chumbani na mgonjwa wake humwona, humuuliza na humpima, na akigundua kosa anaweza kumwita tena. Daktari aliye mbele ya kamera hana nafasi hiyo. Hajui nani kati ya watazamaji ana mimba, nani ana ugonjwa wa figo, nani amekwisha kumeza dawa nyingine asubuhi hiyo. Na kipindi kikiisha hana njia ya kuwapata. Hata hivyo sauti yake huingia nyumbani ikiwa na mamlaka ileile ya koti jeupe.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo vipindi vya afya huyachanganya. Elimu ya afya humhusu kila mtu: maji ya kunywa yachemshwe, mtoto apelekwe chanjo. Ushauri wa tiba humhusu mtu fulani mwenye hali fulani: meza kidonge hiki, acha dawa ile. Katika Kiswahili tofauti hii huonekana kwenye kitenzi. Elimu huelekea kutumia hali tegemezi na kauli ya kutendwa, ilhali ushauri hutumia amri ya nafsi ya pili umoja. Mtangazaji anapohama kutoka "yachemshwe" kwenda "meza", amehama kutoka darasani kwenda chumba cha daktari, ingawa kiti na taa za studio ni zilezile. Historia inayofuata ni historia ya jinsi jamii mbalimbali zilivyojaribu kuusimamia mpaka huo.

2. Nani anasema? Leseni na jina la daktari

Kesi ya mwanzo iliyoacha alama katika sheria ni ya John R. Brinkley wa Milford, Kansas. Mwaka 1923 alianzisha kituo cha redio cha KFKB, na kwa kipindi chake cha maswali alisoma barua za wasikilizaji waliomweleza maradhi yao, kisha akawatajia hewani namba za dawa za kununua. Wauza dawa walioshirikiana naye waliuza dawa hizo, na sehemu ya fedha ilimrudia yeye. Hakuwaona wagonjwa wala hakuwapima. Mwaka 1930 Tume ya Redio ya serikali ya Marekani ilikataa kuhuisha leseni ya kituo chake, na mwaka huohuo alinyang'anywa kibali cha kutibu huko Kansas. Mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi wa Tume mwaka 1931. Msingi uliowekwa hapo bado una uzito: kumwandikia dawa mtu usiyemwona, kwa kutegemea barua yake peke yake, ni hatari kwa afya ya umma, na masafa ya redio yametolewa kwa manufaa ya umma.

Lakini Brinkley hakunyamaza. Alihamia upande wa pili wa mpaka, nchini Mexico, akajenga kituo chenye nguvu zaidi kilichosikika Marekani kama awali. Mamlaka ya leseni iliishia mpakani. Sauti haikuishia hapo. Jambo hili linazihusu moja kwa moja nchi za Afrika Mashariki na Kusini leo, ambako mtazamaji wa Lilongwe anaweza kupokea chaneli ya nchi nyingine kupitia dishi au simu.

Uingereza ilishika njia nyingine. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Charles Hill alizungumza kupitia BBC kuhusu lishe, tumbo na usafi kwa lugha nyepesi iliyopendwa na wengi. Wasikilizaji walimfahamu kwa cheo cha "Daktari wa Redio" tu. Jina lake halikutajwa, kwa sababu maadili ya taaluma yalimkataza daktari kujitangaza. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima yake, kwani ilizuia studio isigeuke kuwa dirisha la duka. Hata hivyo ukiitazama kwa makini, ilimlinda zaidi daktari mwenzake dhidi ya ushindani kuliko ilivyomlinda msikilizaji dhidi ya kosa. Msikilizaji aliyetaka kujua anayemshauri ni nani na amesomea nini hakuwa na haki ya kujibiwa.

3. Je, ni kweli? Ushahidi na maslahi

Televisheni iliubadili mjadala kwa kuifanya sura ya daktari kuwa bidhaa. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa Kanada kuhusu vipindi viwili maarufu vya Marekani. Katika kipindi cha The Dr. Oz Show, ushahidi wa kisayansi uliunga mkono asilimia 46 ya mapendekezo yaliyochunguzwa, ulipingana na asilimia 15, na haukupatikana kwa asilimia 39. Katika kipindi cha The Doctors, asilimia 63 ya mapendekezo yaliungwa mkono. Jambo zito zaidi ni kwamba uwezekano wa mgongano wa maslahi ulitajwa kwa nadra mno, chini ya asilimia 1 ya mapendekezo. Daktari huyu alikuwa na leseni na jina lake lilijulikana. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa, na bado mtazamaji hakuwa salama.

Afrika Mashariki na Kati ina historia yake katika suala hili, na haikuanza na televisheni. Malawi haikuwa na televisheni hadi mwaka 1999, lakini mwaka 1995 watu kwa maelfu walisafiri kwenda karibu na Liwonde kunywa mchape wa Billy Goodson Chisupe, aliyesema kwamba ameoteshwa dawa ya UKIMWI. Kwa hiyo haitakuwa haki kuilaumu televisheni kwa kila msafara wa wagonjwa. Kilichobadilika baadaye ni namna ya kushawishi.

Mabadiliko hayo yalionekana Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2011. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na aliaminiwa kutibu UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Televisheni zilionesha foleni ya magari isiyo na mwisho na viongozi wa umma wakinywa kikombe. Hakuna daktari aliyehitajika kutoa ushauri. Foleni yenyewe ilishauri. Mtazamaji aliyeketi Arusha, Nairobi au Lubumbashi angeweza kuhitimisha kwamba umati mkubwa kiasi kile hauwezi kukosea. Wapo waliofariki njiani na foleni zikisubiri, na wapo walioripotiwa kuacha dawa za kufubaza virusi. Kimaadili, kuchagua picha ni kutoa ushauri, hata mtangazaji akisema kwamba anaripoti habari tu.

Majibu ya dola yalichelewa. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, lakini ni mwishoni mwa mwaka 2015 ndipo Wizara ya Afya ilipochukua hatua kali dhidi ya matangazo ya tiba hizo katika vyombo vya habari. Malawi nayo ina Baraza la Tiba lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1987, mamlaka ya mawasiliano MACRA inayofanya kazi sasa chini ya sheria ya mwaka 2016, na mamlaka ya dawa iliyoundwa upya kwa sheria ya mwaka 2019. Baraza humsimamia daktari, MACRA humsimamia mtangazaji, na mamlaka ya dawa husimamia bidhaa. Anayesikia amebaki katikati yao bila msimamizi wake.

4. Picha ya Lilongwe, Mei 2021

Tarehe 19 Mei 2021, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe, serikali ya Malawi iliteketeza hadharani dozi 19,610 za chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca. Dozi hizo zilikuwa sehemu ya shehena iliyofika mwishoni mwa Machi kupitia Umoja wa Afrika, na muda wake wa matumizi ulikwisha katikati ya Aprili. Kusudi lilikuwa la kimaadili: kuwahakikishia wananchi kwamba hakuna atakayechomwa chanjo iliyopitwa na muda. Kamera ziliitwa ili uwazi uonekane.

Tukio hili linastahili kuchunguzwa kwa sababu nia yake ilikuwa njema na mantiki yake ilikuwa sahihi. Ugumu ulikuwa katika lugha ya picha. Moto hauoneshi tarehe. Anayesikia maelezo na kuyaelewa hupata ujumbe wa uaminifu: zilizokwisha muda zimeondolewa, zilizobaki ni salama. Anayeona picha bila kuelewa maelezo anaweza kupata ujumbe wa kinyume: serikali inachoma chanjo, basi chanjo ni mbaya. Katika Kiswahili tofauti hiyo hutegemea uteuzi wa kirai kimoja. "Chanjo zilizoisha muda" huelekeza kwenye kalenda. "Chanjo zilizoharibika" huelekeza kwenye chanjo yenyewe. "Chanjo mbovu" huhukumu kabisa. Mfasiri mwenye haraka huweza kuokota lolote kati ya hayo matatu.

5. Nani anasikia? Dzaleka na lugha ya maradhi

Dzaleka iko wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kituo chake cha afya huhudumia pia wanavijiji wa jirani. Mwaka 2023 serikali ilitekeleza agizo la kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, na hivyo watu waliokuwa wamezoea hospitali na maduka ya dawa ya Lilongwe wakaongezeka katika foleni ya Dzaleka.

Utangazaji wa Malawi ulijengwa juu ya sera ya lugha ya mwaka 1968, iliyoifanya Chichewa kuwa lugha ya taifa sambamba na Kiingereza. Baada ya mwaka 1994 shirika la MBC lilifungua mlango kwa lugha nyingine za nchi, zikiwemo Kitumbuka na Kiyao. Kiswahili, ambacho si lugha ya wenyeji wa Malawi, hakikuwa na sababu ya kuingizwa katika hesabu hiyo. Redio Yetu, redio ya jamii iliyoko kambini, imeziba sehemu ya pengo kwa kutangaza kwa lugha kadhaa, Kiswahili na Chichewa zikiwa miongoni mwao. Lakini ushauri wa mtaalamu wa Lilongwe bado hufika kwa wengi ukiwa umepitia kinywa cha mtu wa tatu: mtoto anayesoma shule, jirani, au mtangazaji wa kujitolea.

Ukaribu wa lugha hizi za Kibantu huongeza hatari badala ya kuipunguza. Kuharisha kwa Chichewa huitwa "kutsegula m'mimba", maana yake ya neno kwa neno ikiwa kufunguka tumboni. Msikilizaji wa Kiswahili hulitambua neno "mimba" haraka, na angeweza kudhani kwamba tangazo linawahusu wajawazito. "Moyo" kwa Chichewa ni uhai, na moyo wa Kiswahili huitwa "mtima". "Mankhwala", kama "dawa" ya Kiswahili, hujumuisha kidonge cha hospitali, sumu ya wadudu na hirizi, hivyo anayetangaza "mankhwala" au "dawa" bila kufafanua hajasema mengi.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe, kambi si kijiji cha lugha moja. Ugonjwa uleule huitwa UKIMWI na aliyesoma Tanzania, SIDA na aliyetoka Bujumbura au Bukavu, na Edzi na muuguzi wa Malawi. Kipindupindu cha Kiswahili sanifu ni kolera kwa Mkongomani na kwa Mmalawi pia. Hapa tafsiri sanifu inaweza kumpeleka msikilizaji mbali zaidi na neno analolijua. Usanifu wa lugha, ambao wataalamu wa Kiswahili wameupigania kwa haki, hauwezi kuwa kipimo pekee pale uhai unapohusika.

Gharama ya kutoelewana ilionekana wazi katika mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Malawi Machi 2022. Ulikuwa mbaya kuliko yote katika historia ya nchi: wagonjwa zaidi ya 58,000 na vifo zaidi ya 1,700. Kipindupindu huua kwa saa, si kwa wiki, na mtu anayeanza kunywa maji ya chumvi na sukari akiwa njiani kwenda kituoni ana nafasi kubwa ya kupona. Katika hali hiyo daktari anayenyamaza kwa kuogopa kutoa ushauri hewani anakosa kimaadili kama yule anayesema ovyo. Lakini kipimo ni cha lazima: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa bapa. Neno "kijiko" peke yake halitoshi, kwa maana kijiko cha chakula kikitumika kwenye chumvi, maji hayo huwa hatari kwa mtoto. Hapa televisheni ina faida kuliko redio. Inaweza kuonesha kijiko chenyewe.

Mfano huu unatoa kanuni ya jumla. Kadiri jibu sahihi linavyotegemea mwili wa mtu mmoja, ndivyo lisivyofaa kutolewa hewani; kadiri linavyofanana kwa watu wote, ndivyo linavyopaswa kutangazwa bila kusita. Maji ya chumvi na sukari yako upande wa pili. Dozi ya dawa ya shinikizo la damu iko upande wa kwanza.

Kumnyima mtu habari kwa sababu ya mahali alipo si jambo geni katika eneo hili. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa Tanzania mwaka 1993 na kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, haukurushwa Dodoma hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Matokeo ya utafiti huo yamesaidia programu nyingi duniani. Hata hivyo wakazi wa Dodoma walikosa kwa miaka miwili habari za kinga ambazo majirani zao walizipata. Huko uamuzi ulifanywa kwa makusudi na kuandikwa, hivyo unaweza kujadiliwa. Dzaleka hakuna aliyeamua. Msikilizaji ameachwa nje kwa kusahauliwa, na kilichosahauliwa hakina wa kukijibia.

Historia ya Tanzania ina mfano wa kinyume pia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kusikiliza vilivyokuwa na viongozi waliofunzwa. Matangazo yalikuwa mwanzo wa mazungumzo. Msikilizaji ambaye hakuelewa alikuwa na mtu wa kumuuliza palepale, na swali ambalo studio haiwezi kulijibu lilipata pa kwenda.

6. Hitimisho na mapendekezo

Karne moja ya utangazaji imetufundisha kumuuliza mshauri leseni yake, ushahidi wake na maslahi yake. Madai hayo yabaki. Lakini ushauri ni tendo la watu wawili, na maadili yanayomchunguza msemaji peke yake ni nusu ya maadili.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba MACRA na Baraza la Tiba la Malawi wakubaliane mwongozo mmoja wa vipindi vya afya, utakaotenga elimu ya afya na ushauri wa tiba na kuzuia kumwandikia dawa mtazamaji anayepiga simu. Katika milipuko ya magonjwa, Wizara ya Afya na UNHCR waandae ujumbe wa Kiswahili wakati uleule unapoandaliwa wa Chichewa, na wausomee wakazi wa kambini wa asili mbalimbali kabla haujarushwa, ili kujua walichokielewa. Wafasiri na watangazaji wa kujitolea wapewe faharasa fupi ya maradhi, dawa na vipimo, yenye majina yote yanayotumika kambini. Masahihisho ya ushauri uliokosewa yatolewe katika kipindi kilekile, saa ileile na lugha ileile. Vikundi vya kusikiliza vifufuliwe kupitia Redio Yetu na wahudumu wa afya wa jamii.

Inaweza kupingwa kwamba haya yote ni gharama kubwa kwa watu wachache katika nchi yenye mahitaji mengi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini vijidudu vya kipindupindu havitambui mpaka wa kambi, na kituo cha afya cha Dzaleka kina foleni moja kwa mkimbizi na mwenyeji. Aidha Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019. Heshima hiyo ya mikutanoni itapata maana kwa mkazi wa Dzaleka siku atakapoelewa, kwa lugha yake na kwa kipimo sahihi, ni chumvi kiasi gani aweke kwenye maji ya mtoto anayeharisha.